Barafu Ndani ya Sweta

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namwambia nafundisha walimu kunyamaza. Wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo. Mimi ni mkufunzi wa walimu walio kazini, hapa hapa mjini Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuwaonyesha walimu wa shule za msingi namna ya kufundisha sayansi kwa kuwaachia watoto waulize, wabashiri, wajaribu na wajionee, badala ya kuwamwagia majibu ubaoni wakayanakili. Njia hii ina jina refu kwenye vitabu vya mafunzo, jina lisilo na ladha. Ukilinyonyoa, kinachobaki ni hiki: mwalimu afunge mdomo ili mtoto apate nafasi ya kufikiri.

Sasa, mdomo wa mwalimu wa kwetu haufungiki hivi hivi. Nasema kwa mapenzi, maana na mimi nimeshika chaki miaka mingi. Tuna mtindo wetu ambao sijui nani aliuanzisha. Mwalimu anasema sentensi, anaiacha silabi ya mwisho ikining'inia hewani, na darasa zima linaidaka. "Moyo unasukuma da..." anasema mwalimu, na watoto wanaitikia, "muuu." Ukipita nje ya shule wakati wa vipindi unaweza kudhani kwaya inafanya mazoezi. Kusikiliza ni raha. Tabu ni kwamba mtoto anaweza kudaka silabi tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho bila kuwaza jambo hata moja.

Mafunzo ninayoyakumbuka kuliko yote yalikuwa ya wiki moja, wakati wa likizo, kwenye shule iliyobanwa na maduka ya jumla ya Kariakoo. Walimu kutoka shule za jirani walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nje, spika ya muuza mashuka ilirudia maneno yale yale mfululizo, na wapagazi wenye marobota mabegani walikuwa wakiomba njia kwa sauti ambazo hazikuwa za kuomba. Siku ya kwanza niliweka sheria moja tu: marufuku kuning'iniza silabi. Atakayeteleza atatoka mbele acheze ngoma ya kwao. Kabla ya chai, nusu ya chumba ilikuwa imeshacheza. Mwalimu mmoja alisimama kuomba radhi kwa unyenyekevu kabisa, akasema, "Mkufunzi, nakubali, hili ni kosa la...," na chumba kizima, watu wazima wenye vyeti vyao, kikamalizia, "nguuu." Nilicheka mpaka nikashika meza. Alicheza mara mbili.

Lakini bingwa wa kucheza alikuwa mama mmoja, mwalimu wa sayansi wa darasa la tano wa shule hiyo hiyo. Mfupi, mtu mzima, mtandio kichwani, na chupa ya chai ya tangawizi isiyombanduka mkononi. Kwao Songea, ila mjini hapa amekaa hadi Wangoni wenzake wanamwita Mzaramo. Sauti yake ilikuwa na sifa mtaa mzima. Ng'ambo ya barabara kuna duka la vitambaa la mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu, na mzee huyo aliniambia kwamba, kwa kukaa kaunta na kumsikiliza yule mama mwaka hadi mwaka kupitia dirishani, ameujua mfumo wa chakula kutoka mdomoni mpaka mwisho wa safari. Akaanza kunitajia, kwa mpangilio, huku akimpimia mteja satini. Spika ya mashuka haikufua dafu kwa mama yule.

Na sasa sauti hiyo ilikuwa inakwisha. Siku ile ya kwanza niliisikia ikikwaruza, ikikatika, ikirudi. Nilidhani ni mafua. Wakati wa chai alinivuta pembeni, karibu na bomba la maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kunong'ona, kisha akanieleza. Daktari wa koo alikuwa amemwambia nyuzi za sauti zimeota vinundu kwa kupaza sauti miaka yote ile. Akiendelea kupaza, iko siku atafungua mdomo na hakitatoka kitu. Mwalimu mkuu alipoona cheti cha daktari alikuwa ameamua kumhamishia kwenye stoo ya vitabu.

Hakuwa mtu mbaya, yule mwalimu mkuu. Kila mtu angesema ni huruma. Stoo ina feni, ina kiti, haina kelele. Yule mama mwenyewe hakuwa na neno baya juu yake, alisema tu kwamba kijana huyo anamwonea imani. Halafu akanitazama machoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi stoo nitakufa. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nataka niumalizie na watoto, siyo na panya."

Alikuwa ameomba apewe nafasi moja. Mwalimu mkuu amekubali: shule ikifunguliwa atakaa nyuma ya darasa lake kipindi kizima. Akiweza kufundisha bila kupaza sauti, na watoto wakajifunza kitu cha kueleweka, atabaki. Asipoweza, atapewa ufunguo wa stoo wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana alikuja kwenye mafunzo yangu. Hakuja kwa kuyaamini. Alikuja kwa sababu alisikia kuna njia ya kufundisha ambayo mwalimu haongei sana, na alikuwa hana pengine pa kwenda.

Na kweli hakuyaamini. Alinibishia kila kitu, kwa kunong'ona, jambo ambalo ni gumu kulijibu kwa sababu inabidi umsogelee kama mnasengenya. Watoto wapo tisini na kitu, alisema. Ukiwaachia wajadiliane, dari litabaki? Na vifaa je? Na asiyejua kitu atabashiri nini? Nilijitetea nilivyoweza. Nilipandisha hasira kidogo pia, sifichi, maana maswali yake yalikuwa mazuri kuliko majibu yangu. Nikaona heri niache kusema, nitoe barafu.

Jana yake nilikuwa nimepita Mchikichini kutafuta sweta. Kwa joto lile la Dar, kijana wa mitumba alinichagulia moja zito la sufu, akaniuliza nasafiri lini kwenda Makete kwenye baridi. Nikamwambia sisafiri, sweta ni la barafu. Alinitazama, akamtazama mwenzake, akalifunga haraka kabla sijabadili mawazo. Barafu zenyewe zilitoka kwa mama wa jirani na shule anayegandisha maji kwenye vifuko na kuwauzia wapagazi.

Niliweka barafu tano juu ya meza, zote za ukubwa mmoja. Moja niliiacha uchi kwenye sahani. Nyingine nikaizungushia gazeti, nyingine kanga, nyingine kipande cha kiroba cha mchele, na ya mwisho nikaivika sweta, mikono nikaifunga fundo kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikawauliza walimu ipi itayeyuka kwanza.

Hawakusita. Ya kwenye sweta. Chumba kizima, mkono mmoja juu, bila mpinzani. Sweta lina joto, walisema, hata mtoto anajua. Sikuwashangaa, kwa sababu siku mkufunzi wangu aliponiuliza swali hilo hilo nami nilijibu hivyo hivyo. Mtu wa mji huu sweta anamvalisha mtoto mchanga tu, na mtoto anafika kliniki amelowa jasho chapachapa. Utaachaje kuamini kwamba sweta ni jiko? Yule mama ndiye alikuwa na uhakika kuliko wote. Kwao Songea, alisema, mwezi wa sita baridi inakung'ata masikio, na alilelewa ndani ya sweta. Analijua joto lake.

Tukanywa chai, tukapiga soga, tukarudi. Barafu ya uchi ilikuwa maji matupu. Ya gazeti ilikuwa imebaki kipande chembamba ndani ya uji wa karatasi. Ya kanga na ya kiroba zilikuwa zimepungua sana. Nikamwomba yule mama afungue sweta. Alifungua fundo la mikono, akaingiza kiganja, akakiacha humo ndani muda mrefu. Akaitoa barafu. Ilikuwa karibu nzima, imelowa kidogo tu pembeni. Aliigeuzageuza mkononi mpaka matone yakamshukia kwenye kiwiko.

"Kumbe sweta halina joto lake," akanong'ona. "Miaka yote ile kwetu, joto lilikuwa langu mwenyewe."

Niliwatazama walimu wakianza kubishana wao kwa wao, mmoja akisema sweta linazuia tu, lililo ndani lisitoke na lililo nje lisiingie, mwingine akitaka tujaribu na blanketi, wa tatu akidai nimeweka barafu ya kidanganyifu. Moyo wangu ulijaa furaha. Hakuna kitu kinachonipa raha duniani kama kumwona mtu mzima akigundua kwamba amekuwa na uhakika wa jambo lisilo kweli, na badala ya kuona aibu anataka barafu nyingine.

Kuanzia hapo yule mama alikuwa upande wangu. Tabu ilikuwa kwenye mazoezi. Kila siku mchana tulimpa dakika kadhaa atufundishe, sisi tukiwa watoto wake, na kila siku alivujisha jibu kabla hata barafu haijaanza kutoa jasho. Hakuweza kujizuia. Mwalimu mmoja akijifanya mtoto mjinga na kuuliza swali, yule mama alikuwa ameshajibu, ameshaeleza, ameshaanza na silabi ya kuning'iniza, na sauti imeshakatika. Siku ya nne alikaa chini akashika tama. Alisema kunyamaza mbele ya mtoto anayeuliza ni kama kumwona anapaliwa halafu usimpige mgongoni. Nilimwelewa kabisa, na nikaogopa. Nilianza kumwona kwenye kile kiti cha stoo.

Dawa aliivumbua mwenyewe, na wala haikuwamo kwenye kitabu changu chochote. Siku ya tano alisimama mbele na chupa yake ya chai. Tulipomuuliza swali, alifungua kifuniko, akapiga funda kubwa la tangawizi, akakaa nalo mdomoni huku mashavu yamevimba, akitutazama. Mtu mwenye chai mdomoni haongei. Sisi tulingoja. Alipoimeza, alikuwa amepata muda wa kubadili mawazo, na badala ya jibu alituuliza sisi tunaonaje. Chumba kilivunjika mbavu. Lakini nilipotazama saa, kipindi kilikuwa kimekwisha na hakuwa amevujisha kitu.

Shule ilipofunguliwa nilienda mapema siku ya kipindi chake, nimebeba sweta begani, watu wa Mtaa wa Msimbazi wakinitazama kama nina homa. Darasa lilikuwa limefurika. Watoto watatu watatu kwenye dawati, wengine wanne, wengine sakafuni mbele. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma kabisa, mkono wa shati umepigwa pasi ya kukata, anamsalimia yule mama shikamoo kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa darasa tulivu. Alijulikana kwa kukohoa mara moja tu kwenye ujia, na madarasa yote ya upande huo yakanyamaza. Nilikaa pembeni karibu na meza ya mwalimu, kazi yangu ikiwa kushika sahani.

Yule mama alipanga barafu tano, zimefungwa kama zile za mafunzo, akaandika swali ubaoni. Barafu ipi itayeyuka kwanza, na kwa nini? Akaweka chaki chini, akawageukia, akapiga funda la chai.

Mwanzo ulikuwa wa kutisha. Watoto walingoja silabi yao. Walikaa wima, midomo imeshafunguka nusu tayari kudaka, na hakuna kitu kilichokuja. Walitazamana. Walimtazama mwalimu mkuu. Nje spika ya mashuka ilipata uwanja peke yake. Nilijikaza kisabuni, nikaishika sahani. Yule mama alimeza, akapiga funda la pili.

Ndipo mmoja wa dawati la mbele akasema, polepole, kwamba ya kwenye sweta itayeyuka kwanza. Wa nyuma akasema ndiyo, maana sweta ni la moto. Mikono ikaanza kupanda. Yule mama aliwaambia kwa sauti ya chini, ile ambayo daktari angeikubali, wasimame kwa makundi kufuatana na wanavyobashiri. Na ajabu ni hii: kwa vile alikuwa ananong'ona, watoto tisini na kitu walinyamaza wote na kusogeza shingo mbele ili wamsikie. Nadhani hilo hakulipata hata alipokuwa na sauti.

Karibu wote wakaenda upande wa sweta. Mwalimu mkuu naye, alipotazamwa, alinyoosha mkono huko huko, akitabasamu kama mtu anayewasaidia watoto.

Upande wa pili walibaki wachache, wakiongozwa na msichana mmoja mrefu mwenye soksi zilizoshuka. Huyu alisema baba yake anachukua samaki kwenye soko la Feri, na barafu ya samaki kule wanaifunika magunia. Kama nguo inayeyusha barafu, kwa nini wanaifunika? Wa upande wa sweta wakamjibu kwamba gunia siyo sweta. Yeye akauliza tofauti ni nini. Wakaanza kumjibu watano kwa pamoja, kisha kumi, kisha sijui wangapi. Darasa likawa soko. Walibishana kuhusu blanketi, kuhusu chupa ya chai ya mwalimu, kuhusu mtoto wa mama mdogo aliyevalishwa sweta akatoka vipele. Kundi moja liliipepea barafu ya uchi kwa daftari ili isiyeyuke, jingine likalituhumu kwa wizi wa mtihani. Kila baada ya muda mtoto alimgeukia mwalimu apewe haki yake, na kila alipogeuka, mwalimu alikuwa na chai mdomoni.

Mimi nilikuwa namtazama mwalimu mkuu. Shingo yake ilikuwa inakaza. Mara mbili alinyanyuka nusu, mara mbili nikamwona akivuta pumzi ya kukohoa. Kama angekohoa, yote yangekwisha, watoto wangerudi kwenye kudaka silabi na yule mama angerudi kwenye kupaza. Lakini hakukohoa. Nadhani naye alitaka kuiona ile barafu.

Mwishowe barafu zikafunguliwa. Ya uchi, maji. Ya gazeti, karibu maji. Ya kanga na ya kiroba, vipande vidogo. Sweta lilipofika, darasa zima lilikuwa limepanda juu ya madawati. Yule mama alimwita mwalimu mkuu kwa kidole, aje alifungue yeye. Akaja. Alifungua fundo, akatia mkono ndani, na uso wake ukabadilika. Alipoitoa barafu na kuinyanyua juu, nzima, inang'aa, kelele iliyotoka mle ndani nadhani ilifika mpaka mtaa wa Gerezani. Mwalimu mkuu alikuwa anacheka na mkono wake wa shati umelowa. Watoto wa upande wa sweta walikuwa wanapiga makofi kwa kushindwa. Yule msichana wa soksi alikuwa tayari amelichukua sweta analikagua ndani na nje, anauliza kama kesho wanaweza kujaribu na uji wa moto.

Mwalimu mkuu aliirudisha barafu kwenye sahani niliyoishika. Kisha akainama karibu na sikio la yule mama, na kwa kuwa nilikuwa pale pale, nilisikia. Hakuna mtoto aliyesikia.

"Mama," alisema, "ile stoo naifunga kufuli, ufunguo nakaa nao mwenyewe. Wewe baki hapa na watoto wako."

Yule mama alifungua mdomo kumjibu na hakikutoka kitu. Safari hii haikuwa koo. Alivuta mtandio, akajifunika uso wote, na mabega yakaanza kutikisika.

Darasa lilitulia ghafla. Wao waliona tu kile kilichoonekana: walipiga kelele, mwalimu mkuu akamwinamia mwalimu wao, akamsemea kitu sikioni, na sasa mwalimu wao analia. Yule msichana mrefu aliliweka sweta juu ya dawati. Akasimama wima, mikono nyuma, kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mkubwa.

"Samahani, mwalimu mkuu," akasema. "Usimgombeze. Yeye hajasema kitu leo. Kelele zote tumepiga sisi."

Mwalimu mkuu alimwambia akae, hakuna aliyekosa. Kisha akatoka nje haraka, simu sikioni, ingawa haikuwa imelia. Mimi niliendelea kushika sahani na kulia waziwazi, barafu ikiyeyuka taratibu mbele yangu, na sikuona sababu ya kujificha.